Bagamoyo kwa Msafiri Atokaye Lubumbashi: Pa Kula na pa Kutazama

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi wanaijua Dar es Salaam kwa bandari yake na kwa maduka ya Kariakoo, na wengi wao wamekaa huko siku kadhaa wakingojea kontena litoke forodhani, au wakingojea lori lipate mzigo wa kurudi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Siku hizo huishia katika chumba cha hoteli, simu mkononi, huku fedha ya chakula ikipungua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya jamaa zao wanaowafuata kwa matembezi, ili wachukue siku moja, na ikiwezekana mbili, waende Bagamoyo, mji wa kale ulio ufukweni mwa Bahari ya Hindi, takribani kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam.

Fukwe zenye mchanga mweupe na maji maangavu kuliko ya Bagamoyo zipo, na anayetafuta kuogelea tu atazipata Zanzibar. Bagamoyo inamfaa mtu wa Katanga, nchi yetu ya Lubumbashi, kwa sababu nyingine. Kabla ya reli, na kabla Lubumbashi yenyewe haijaanzishwa mwaka 1910, pembe za ndovu na sehemu ya shaba ya kwetu zilisafirishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi hadi pwani, na bidhaa za pwani zikarudi kwa njia hiyohiyo: vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeweka makao yake Bunkeya, alikuwa na asili ya Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, na baba yake Kalasa alikuwa mmoja wa wafanyabiashara walioifuata shaba hadi kwetu. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, uliondoka pwani hapo Bagamoyo mwezi wa Julai, ukavuka Ziwa Tanganyika, ukaingia Bunkeya mwezi wa Desemba. Tarehe 20 Desemba Msiri akauawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ambaye naye alikufa siku hiyo. Mtu wa kwetu anayesimama katika ufuo wa Bagamoyo amesimama mahali ambapo safari hiyo ilianza, na ndiyo maana ninaona ni hasara kwake kuwa Dar es Salaam mara kwa mara bila kufika hapo.

Ningemshauri pia msomaji, kabla ya kuondoka nyumbani, apite katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi akatazame misalaba ya shaba iliyotumika zamani kama fedha. Atakapoona baadaye picha na mabaki ya biashara ya misafara huko pwani, atajua mzigo wa upande wetu ulikuwa na sura gani.

Maandalizi

Pasipoti iwe na muda wa kutosha, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike, kwa maana Tanzania huidai kwa wasafiri watokao nchi yetu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini masharti ya kuingia hubadilika, kwa hiyo ni vema kuuliza habari za viza ya Tanzania kabla ya kuondoka, na za Zambia pia kwa wale wanaosafiri kwa barabara kupitia Nakonde na Tunduma, mpakani mwa Zambia na Tanzania.

Habari ya fedha inawasumbua watu wetu kuliko inavyopasa. Lubumbashi tumezoea kulipa kila kitu kwa dola, kuanzia kodi ya nyumba hadi mfuko wa unga, lakini tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei na malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisha dola zako benki au katika duka la fedha lililoidhinishwa ukiwa bado Dar es Salaam, na ubebe Bagamoyo shilingi za noti ndogo, kwa sababu mwuza samaki na dereva wa bajaji hawatakuwa na chenji ya noti kubwa asubuhi na mapema. Faranga za Kongo ziache nyumbani.

Saa za Tanzania zimetangulia za Lubumbashi kwa saa moja. Tena, wengi wetu huhesabu saa kwa namna ya Kifaransa, ilhali Mtanzania huanza kuhesabu tangu macheo, hivyo basi la saa moja asubuhi ni lile ambalo sisi tungesema ni la saa saba. Uliza mara mbili, na ukubaliane na mtu kwa kutaja asubuhi, mchana au jioni. Kumbuka vilevile kwamba magari huko huendeshwa upande wa kushoto, kama Zambia: unapovuka barabara, macho yaanze kulia. Hili si jambo dogo kwa mtu aliyekulia katika mji ambao gari hutoka upande mwingine.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri kuliko yote. Mvua za masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, zikigeuza njia nyingi kuwa matope, na mvua za vuli, ambazo ni nyepesi zaidi, hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Hata hivyo mtu atokaye Lubumbashi mwezi wa Juni au Julai, wakati wa baridi ya kwetu, asidhani kwamba atahitaji koti: Lubumbashi imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Bagamoyo iko kwenye usawa wa bahari wenyewe, penye joto na unyevu hata usiku. Nguo nyepesi za pamba, kofia, na dawa ya kufukuza mbu vinatosha, na chumba cha kulala kiwe na chandarua kisichotoboka.

Kufika

Mabasi ya Bagamoyo huondoka Dar es Salaam siku nzima, na barabara yake hupita Mwenge, Tegeta na Bunju kabla ya kuingia mashambani. Waulize wenyeji wa mtaa unapolala kituo kilicho karibu. Kwa umbali wenyewe safari ingekuwa fupi, lakini foleni za magari za Dar es Salaam zinaweza kuirefusha sana, kwa hiyo ondoka mapema. Watu wanne wanaosafiri pamoja wanaweza kukodi gari kwa siku nzima na kugawana gharama, mradi wakubaliane na dereva tangu mwanzo juu ya bei, saa ya kurudi na nani analipa mafuta. Ndani ya Bagamoyo, bajaji na pikipiki zitakupeleka popote.

Bahari inakuja na kwenda

Jambo hili lazima lielezwe kwa urefu, kwa sababu aliyezoea Ziwa Moero au Tanganyika hakulikuta huko. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya siku moja na kitu, na saa za kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Ufuo wa Bagamoyo una mteremko mdogo, hivyo maji yakipwa huondoka mbali sana, yakaacha uwanda wa mchanga na tope ambamo mashua zimelala ubavu, na yakijaa hurudi hadi karibu na miti. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, yaani maji makubwa, ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa katika pwani hii inaweza kufika mita tatu au zaidi. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu, ambapo tofauti hupungua.

Kwa msafiri maana yake ni hii: mwulize mvuvi au mhudumu wa hoteli, mara tu unapofika, maji yatajaa saa ngapi, kisha panga siku yako yote kwa jibu hilo. Kuoga ni kwa saa zile mbili tatu za maji kujaa. Kutembea ufukweni na kutazama mafundi wakitengeneza mashua kunapendeza zaidi maji yakiwa yamepwa, lakini usiende mbali sana juu ya mchanga mtupu ukiwa na watoto, kwa sababu maji yanaporudi hupita kwanza katika mifereji iliyo nyuma yako. Usishangae pia kuona maji yana rangi ya udongo kidogo: Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini kaskazini tu ya mji, na ndio unaoyatia rangi.

Mashua kubwa zinazopakia mizigo hapo huelekea Zanzibar, na wakati mwingine mtu atakuja kukuambia kwamba anaweza kukupakia kwa bei ndogo. Usikubali. Hivyo si vyombo vya abiria, havina vifaa vya kuokolea watu vya kutosha, na mkondo wa Zanzibar una mawimbi. Anayetaka kwenda Zanzibar apande boti ya abiria katika bandari ya Dar es Salaam.

Misheni na mwili uliobebwa

Anza asubuhi na misheni ya Kikatoliki, iliyo upande wa kaskazini wa mji, kabla jua halijawa kali. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868 wakitoka Zanzibar, na mojawapo ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuwapokea watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto, na kuwajengea kijiji. Utaingia kwa kupita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa miaka hiyo. Ndani ya eneo hilo kuna mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, kuna kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914, kuna mbuyu mnene ambao mnyororo wa chuma umemezwa na gome lake, na kuna makaburi ya wamisionari ambao, ukisoma tarehe zilizoandikwa, utaona jinsi wengi walivyokufa vijana.

Makumbusho ya misheni ndiyo bora kuliko yote mjini, na yastahili saa nzima. Utaona humo minyororo na pingu, picha za kale, na maelezo ya misafara. Soma polepole. Katika vyumba hivyo ndugu wa Maniema, wa Tanganyika na wa Katanga hawapo kwa majina, lakini wapo kwa nchi zao, kwa sababu njia ya misafara ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Nyangwe na Kasongo, ambako Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alitawala biashara ya pembe.

Mnara wa kanisa la kwanza una habari ambayo msafiri wa barabara yetu ataielewa kuliko mtalii mwingine yeyote. David Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mahali ambapo si mbali sana na barabara ya Serenje kwenda Mpika, ambayo malori ya Lubumbashi huipita kila siku yakielekea Nakonde. Watumishi na wapagazi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti hapohapo, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na mwili ukalazwa katika kanisa hilo kabla ya kupelekwa Zanzibar, na kisha London, ulikozikwa mwezi wa Aprili. Njia ambayo basi hulala siku mbili tatu kuimaliza, wao waliitembea kwa miezi. Vibao vingi vinamtaja Livingstone kwa herufi kubwa. Ninaomba msomaji akifika hapo awakumbuke wabebaji, ambao hakuna aliyewalazimisha kufanya walichokifanya.

Teremka kisha hadi ufukweni upande wa misheni, ambako kuna msalaba unaokumbusha ule ambao wamisionari waliusimika walipofika.

Mji wa mawe

Kutoka misheni rudi mjini kwa bajaji, ushuke penye jengo la zamani la misafara, lililoko katikati ya mji, ambalo limekarabatiwa na lina maonyesho madogo. Hapo ndipo pa kuulizia mwongoza watalii mwenye kitambulisho, kulipa kiingilio na kudai stakabadhi. Onyesha pasipoti yako na uulize kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa kuwa wahudumu wengine bado hawajazoea kwamba Mkongomani ni mmoja wao.

Mwongoza watalii atakuzungumzia sana juu ya utumwa, na ni haki yake, kwa sababu watu waliuzwa na kupitishwa hapa mpaka Sultani Barghash alipolazimika kutia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo ya baharini mwaka 1873, na hata baada ya hapo kwa siri. Lakini nenda ukijua mambo mawili. Bandari kuu ya watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa, kusini, na utajiri wa Bagamoyo ulitokana hasa na pembe za ndovu. Na wapagazi walioingia na kutoka hapa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, wengi wao Wanyamwezi, kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakapatana bei, na walipopunjwa wakaweka mizigo chini na kuondoka. Mzigo wa mmoja ulikuwa takribani kilo 30, mbali na chakula chake, chungu chake na mkeka wake. Kuwaona wote kuwa watumwa ni kuwanyang'anya heshima ya kazi yao.

Tembea kwa miguu katika mtaa wa India, ulio sambamba na ufuo. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na milango yake ya mbao imechongwa kwa ustadi. Baadhi zimekarabatiwa, nyingine zimeanguka, na ni huzuni kuona mvua ikimaliza ukuta ambao ungeokolewa kwa gharama ndogo. Ngome Kongwe, jengo la mawe lililoanza kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu yapata mwaka 1860, ilitumiwa baadaye na Wajerumani kama ngome na na Waingereza kama gereza. Boma la Wajerumani, lenye ghorofa, ni la mwaka 1897. Kufikia wakati huo mji ulikuwa umekwisha kupoteza ukuu wake, kwa maana Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam mwaka 1891.

Karibu na ufuo kuna makaburi ya Wajerumani, na si mbali kuna mahali panapokumbukwa kuwa ndipo waliponyongwa waliopinga utawala wao katika vita vya 1888 na 1889. Kiongozi wa vita hivyo, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Makaburi yametunzwa vizuri, kila moja na jina lake. Waliopinga hawakupata hivyo.

Pa kula

Chakula kikuu cha Bagamoyo ni samaki, na mahali pake ni soko la samaki lililo ufukweni, jirani na jengo la kale la forodha. Fika wakati mashua zinaporudi, ambao hutegemea maji na upepo, utakuta mnada: samaki wametandazwa chini, mnadi anataja bei, na wanunuzi wakubwa wanashindana. Wewe usiingie katika mnada. Subiri pembeni, ambapo wachuuzi waliokwisha kununua wanauza mmojammoja, na ambapo kuna masufuria makubwa ya mafuta juu ya moto.

Namna ya kuagiza ni hii. Chagua samaki wako kabla hajakaangwa: macho yawe maangavu na yaliyojaa, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Changu ni mtamu na mifupa yake haisumbui sana. Kolekole ana nyama nyingi. Nguru huuzwa kwa vipande na anafaa sana kwa mtu asiyependa miiba. Tasi ni mdogo na hukaangwa mzima. Patana bei ya samaki na bei ya kukaanga kwa pamoja, kabla hajatiwa katika mafuta. Aliyezoea samaki wa Kasenga ataona tofauti mara moja, kwa sababu wa baharini ana nyama ngumu kidogo zaidi na huhitaji chumvi ndogo. Huliwa kwa mkono, kwa ndimu, pilipili na kachumbari, pamoja na ugali, ambao ni bukari yetu hiyohiyo, au muhogo wa kukaanga. Pweza na ngisi hupatikana pia. Pweza akichemshwa vizuri ni laini kabisa, na asiyewahi kumla aanze na kipande kidogo pamoja na supu yake. Kamba, ambao pwani hii inasifika kwa ajili yao, ni ghali, na mara nyingi walio bora wamekwisha kuchukuliwa na wanunuzi wa Dar es Salaam kabla ya saa tatu asubuhi ya Tanzania.

Kwa chakula cha mchana cha kukaa na kupumzika, watafute mama lishe walio karibu na kituo cha mabasi na soko kuu. Huko hakuna orodha iliyochapishwa. Unafunua macho, unatazama masufuria, unauliza kilichopikwa leo. Omba wali wa nazi na mchuzi wa samaki wa nazi, kwa kuwa hicho ndicho ambacho Lubumbashi hatuna: nazi hukunwa siku ileile, tui likakamuliwa, na ladha yake haifanani na ya unga wa nazi wa dukani. Omba pia kisamvu, ambacho ni sombe, lakini badala ya mafuta ya mawese kimepikwa kwa tui la nazi. Ninakipenda sombe chetu, na sitasema kwamba cha pwani kinakishinda, ila mtu akila vyote viwili ataanza kufikiri upya juu ya kile alichodhani ni chakula cha nyumbani kwao peke yao. Maharage ya nazi ni mazuri na ya bei nafuu. Ijumaa mara nyingi hupikwa pilau.

Asubuhi, kabla ya misheni, kunywa chai ya viungo kwa vitumbua vya mchele au chapati, ambavyo huuzwa barazani na akina mama, ukichelewa vinakwisha. Jioni mishkaki huchomwa kando ya barabara, na juisi ya miwa hukamuliwa mbele yako, ikitiwa tangawizi na ndimu. Madafu hupatikana wakati wowote: mwuzaji hukata kichwa cha dafu, unakunywa maji, kisha analipasua nawe unakula nyama laini ya ndani. Kwa maji ya kunywa, tumia ya chupa iliyofungwa, na usiwe na haya kukataa barafu.

Hoteli za ufukweni zina mikahawa yenye meza, vivuli na huduma ya polepole. Bei yake ni kubwa kuliko ya sokoni mara kadhaa, na kwa maoni yangu samaki wake si bora zaidi, lakini ni mahali pazuri pa kukaa na wazee au watoto wadogo, na ndipo pia anayetaka bia ataipata bila kumkwaza mtu. Agiza saa moja kabla ya kuwa na njaa.

Ukiwa safarini mwezi wa Ramadhani, tambua kwamba Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana. Usile wala kunywa hadharani. Ngoja magharibi, ambapo futari hutandazwa, na hapo utakula vitu ambavyo miezi mingine havionekani kwa wingi namna hiyo.

Adabu za mji

Ufuoni vaa utakavyo kwa kiasi, lakini ukiingia mitaani funika mabega na magoti, mwanamume kwa mwanamke. Kitenge cha kwetu kinafaa kabisa. Mtu mzima huamkiwa kwa shikamoo, naye huitikia marahaba. Ukimpita mzee aliyeketi barazani bila neno hilo, umemkosea, hata kama hakusema lolote. Unapotaka kitu dukani au kwa mama lishe, sema "naomba", kwa sababu namna yetu ya kuagiza, ambayo nyumbani haina ubaya wowote, huko husikika kama amri. Usipige picha ya mtu, ya mnada wa samaki au ya watu wakitoka msikitini kabla ya kuomba ruhusa.

Kaole, kwa atakayelala

Aliye na siku ya pili aende Kaole, takribani kilomita tano kusini. Huu ni mji uliotangulia Bagamoyo: mabaki ya misikiti miwili ya mawe na makaburi mengi, kazi ya kati ya karne ya 13 na ya 16, yakiwa chini ya miti, karibu na msitu wa mikoko uliosonga bandari yake ya zamani. Baadhi ya makaburi yana nguzo, na katika nguzo na kuta zake utaona mashimo ya mviringo ambamo zamani yalitiwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Chumba kidogo cha maonyesho kina vigae vya vyombo hivyo. Wanaosema kwamba Afrika haikuwa na biashara ya mbali mpaka Mzungu alipofika wangepaswa kuletwa hapa.

Usiende Kaole kwa miguu peke yako kwa njia ya ufuoni. Sehemu ya njia hiyo haina watu, na wasafiri wameporwa huko. Chukua bajaji, mwombe dereva akungoje, na uache pasipoti na fedha nyingi mahali salama unapolala.

Jioni hiyo uliza katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyofunguliwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, kama kuna onyesho la ngoma au maigizo. Wanafunzi wake hufanya mazoezi mara kwa mara, na kila mwaka taasisi huandaa tamasha la kimataifa linalojaza mji wageni. Katika siku hizo chumba cha kulala huagizwa mapema. Nyakati nyingine nyumba za wageni hazikosi nafasi, kuanzia hosteli tulivu hadi hoteli za ufukweni. Tazama chumba kabla ya kulipa, fungua bomba uone maji, na ukague chandarua.

Anayerudi Dar es Salaam siku hiyohiyo apande basi kabla ya saa kumi jioni ya Tanzania. Baada ya hapo foleni ya Tegeta na Mwenge huwa ndefu, na wakala wako wa forodha, kama ana habari yoyote ya kontena, atakuwa amekwisha kufunga ofisi.